Boga, Ituri: "wasomaji" wa Apolo na maisha mapya waliyoyakuta ndani ya Injili

Kila mwaka, tarehe 30 mwezi wa tano, Waanglikana wa Kongo wanamkumbuka mzee mmoja aliyezikwa Boga, katika eneo la Irumu, karibu kilomita 100 kusini ya Bunia. Jina lake ni Apolo Kivebulaya. Hakuzaliwa Kongo. Hakuwa mzungu pia. Hakuoa, hakuacha mtoto wa damu, hakuacha shamba la kurithiwa. Alipofika Boga mara ya kwanza, mwaka 1896, alikuja na vitu viwili ambavyo watu wanavitaja mpaka leo: jembe na kitabu.

Mwaka 2021 tarehe hiyo iliangukia siku ya yenga. Usiku wa kuamkia tarehe 31, watu wenye silaha walishambulia Boga na jirani yake Tchabi. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, lilihesabu raia 57 waliouawa, kati yao watoto 7. Wapiganaji wa ADF ndio waliolaumiwa. Ituri ilikuwa imekwisha kuwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ule tunaouita "état de siège", tangu tarehe 6 ya mwezi ule ule. Maelfu ya wakaaji wakaacha nyumba zao.

Nilipozisoma habari hizo, jambo moja lilinikaa moyoni. Mahali pale ndipo kanisa zima la Anglikana la Kongo linapohesabu kuzaliwa kwake. Kila juma, kwenye redio na kwenye viwanja vya mikutano ya injili, tunasikia kwamba mtu akilipokea Neno anapata maisha mapya. Boga ililipokea Neno hilo zaidi ya miaka 120 iliyopita. Maisha mapya hayo yalikuwa ya namna gani? Na yanakwenda wapi wakati mama anakimbia usiku na mtoto mgongoni?

Ili kujibu, inabidi kurudi nyuma kidogo, hadi Uganda, kwa sababu kitabu kile kilivuka kutoka huko.

Kusoma na kusali, neno moja

Hapa kwetu, ukitaka kujua kanisa la mtu unamuuliza: "Unasali wapi?" Ukimuuliza "Unasoma wapi?" atakutajia shule. Kwa Waganda wa wakati wa Apolo, maswali hayo mawili yalikuwa swali moja. Neno lao okusoma lilimaanisha kusoma maandishi, na lilimaanisha pia kwenda kusali. Mtu aliyeingia dini aliitwa omusomi, yaani msomaji. Wakatoliki waliitwa hivyo, Waprotestanti vilevile.

Jina hilo lilikuwa na kazi yake. Katika misheni ya Waanglikana kule Buganda, mtu hakubatizwa kabla ya kujua kusoma Injili, isipokuwa kama ni mzee sana au macho hayaoni. Kijana, mtumwa, mke wa mkubwa, askari, wote walianza kwa kuketi chini mbele ya karatasi ya herufi. Waliimba silabi mpaka ulimi uzoee. Ndipo wakapewa Injili, mara nyingi ile ya Matayo, wakaisoma mstari kwa mstari. Njia ya kwenda kwenye maji ya ubatizo ilipita darasani, na ilikuwa njia ndefu.

Lakini kujua kusoma hakukutosha, na waliogundua hivyo mapema ni walimu wenyewe.

Mwaka 1893 kulikuwa kule Mengo, karibu na Kampala, mmisionari mmoja Mwairlandi, George Pilkington. Alikuwa akitafsiri Biblia kwa Kiganda pamoja na Mganda mwenzake, Henry Wright Duta Kitakule. Maandiko yalikuwa mikononi mwake toka asubuhi mpaka jioni. Hata hivyo, kwa maneno yetu ya leo, alikuwa amekauka. Kilichomshtua ni Mukristo mmoja wa pale, Musa Yakuganda, aliyekuja kuomba jina lake litangazwe kanisani kama mtu aliyerudia upagani. Hakuichukia dini. Sababu aliyoitoa ilikuwa nzito kuliko chuki: dini ile haikumpa nguvu yoyote ya kushinda dhambi zake.

Pilkington hakuwa na jibu. Alikwenda peke yake kwenye kisiwa cha Kome, ndani ya ziwa Nyanza, akiwa na kijitabu cha mwinjilisti mmoja Mtamil wa India. Aliporudi, mwezi wa kumi na mbili mwaka 1893, alisimama mbele ya watu akaeleza wazi hali yake mwenyewe kabla ya kuzungumzia ya wengine. Mikutano iliyofuata inahesabiwa kuwa uamsho wa kwanza mkubwa wa kanisa la Uganda. Musa alikuwa kati ya waliorudi.

Kwa kawaida, habari ya uamsho inaishia hapo: watu walilia, walitubu, Bwana asifiwe. Mimi nadhani jambo kubwa ni lile lililofuata. Hawakujenga jukwaa. Walijenga nyumba ndogo za kusomea, walizoziita sinagogi, mamia kwa mamia katika vijiji, na wakatuma walimu wa kuzikalia. Mwaka 1896 Biblia nzima ya Kiganda ikapatikana. Kulikuwa na chapa moja nene na nyembamba ya upana, iliyopimwa ili iingie ndani ya mkebe wa biskuti, maana mchwa walikuwa wasomaji wakubwa kuliko watu. Watu wakaiita Biblia ya mkebe.

Katika wimbi hilo ndimo alimotoka Apolo.

Askari aliyegeuka mwalimu

Alizaliwa karibu mwaka 1864, pacha, ndiyo maana wazazi walimwita Waswa. Ujana wake haukuwa wa mtakatifu. Alipigana katika vita vya dini vya Buganda, kwanza upande wa jeshi la Waislamu, na alivuta bangi. Alikuwa amesikia mahubiri ya Alexander Mackay, mmisionari fundi wa Scotland, akajifunza kusoma Injili ya Matayo. Alibatizwa mwezi wa kwanza mwaka 1895, mwaka mmoja na kitu baada ya mikutano ya Mengo.

Jina alilolichagua linaeleza mengi. Apolo wa Matendo ya Mitume, sura ya 18, ni msomi wa Alexandria. Anajua maandiko, anajua kuongea, watu wanamsikiliza. Lakini kuna sehemu asiyoielewa vizuri, na mke na mume mafundi wa hema, Prisila na Akila, wanamchukua pembeni kumfundisha zaidi. Yeye anakubali. Askari wa zamani alichukua jina la mwalimu aliyekubali kufundishwa.

(Sisi Wakongomani tunajua uzito wa jina. Mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, wazee wetu wengi waliyaficha majina yao ya ubatizo kama mtu anavyoficha akiba. Serikali ilielewa kwamba mtu akibadili jina, kuna bwana mwingine anayemtii.)

"Kivebulaya" ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, juu ya koti la kiaskari alilopenda kuvaa. Watu walilitania koti, jina likabaki mpaka kaburini.

Mwaka ule ule wa ubatizo alitumwa Toro, magharibi mwa Uganda. Ukiwa Toro unaiona milima ya Rwenzori. Nyuma yake kuna bonde la mto Semliki, lenye joto na simba, kisha ukuta wa mlima upande wa magharibi. Ukiupanda ukuta huo unafika Boga, kwa chifu Tabaro.

Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia. Tabaro hakuwapiga wala hakuwafukuza. Alitoa amri moja tu: mtu asiwape chakula. Wakaondoka. Apolo aliposikia habari hiyo akiwa Toro alikwenda kununua jembe kwa simbi, pesa ya wakati ule. Alifikiri hivi: wakininyima chakula, nitalima. Katika historia yote ya misheni ya Afrika ya kati, mimi sijui mahubiri mafupi kuliko jembe lile.

Mkuki ndani ya majani

Alilima kweli. Na jioni alifundisha herufi. Vijana wa boma walianza kuja, kisha wanawake. Tatizo lilikuja pale somo lilipoanza kuingia nyumbani. Apolo alihubiri waziwazi juu ya ulevi, juu ya mizimu, juu ya kuoa wake wengi, na chifu aliona kwamba kitabu hiki hakimwachi mtu alipo. Zaidi ya hapo, kijana anayesoma ana neno la kumjibu mkubwa. Tunapozungumza juu ya "maisha mapya" kwa sauti tamu ya kwaya, tunasahau kwamba kwa mwenye mamlaka neno hilo linatisha.

Ndipo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Katika kazi ya kujenga, mkuki uliachwa ndani ya majani ya kuezekea. Dada wa Tabaro alipita pale, akaanguka juu ya mkuki, akafa. Chifu akasema: mgeni ameua. Apolo alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro chini ya ulinzi, safari ile ile ya Semliki lakini sasa kama mshitakiwa wa mauaji.

Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba, katika taabu ya siku zile, alimwona Yesu aking'aa kama jua na kumwambia asiogope kwa kuwa yuko naye. Msomaji ataamua mwenyewe ataipokea vipi habari hiyo. Kinachoonekana bila maono ni hiki: kosa halikuthibitishwa, Apolo akaachiliwa, na mtu ambaye angeweza kubaki Toro kwa amani aliurudia mlima.

Alirudi Boga, kwa familia ya yule marehemu. Mwenye kuijua Ituri anajua maana yake. Damu ya dada wa chifu haifutwi na karatasi ya hakimu. Lakini baada ya muda Tabaro mwenyewe akaanza kusoma. Alipobatizwa alipewa jina la Paulo, na hapo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini. Aliyekuwa analitesa kanisa akawa ndani yake.

Ukiniuliza nionyeshe alama moja ya maisha mapya katika hadithi yote hii, sitakuonyesha maono. Nitakuonyesha wanaume hao wawili, aliyepigwa na aliyepiga, wakisoma kitabu kimoja katika kijiji kimoja.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900, padri mwaka 1903, na mwaka 1922 akapewa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Wakati huo wazungu walikuwa wamekwisha kuchora mpaka upya. Kwa mapatano ya mwaka 1910, Boga iliachwa upande wa Wabelgiji. Misheni ya Uganda ikawa na kanisa lililo katika nchi nyingine. Apolo, ambaye alikuwa amerudishwa kufanya kazi Toro, alivuka tena Semliki karibu mwaka 1915, safari hii akiingia Kongo ya Kibelgiji. Akabaki.

Marko kwa watu wa msitu

Kitabu alichokuja nacho kilikuwa cha Kiganda. Kwa watu wa Boga hiyo ilikuwa lugha ya wageni. Lugha yao iko karibu na Runyoro na Rutoro, na Agano Jipya kwa lugha hiyo lilitoka mwaka 1905, Biblia nzima mwaka 1912. Hapo ndipo mama wa Boga aliweza kusikia Yesu akiongea karibu kama jirani yake wa mtaani.

Naruhusiwa kuweka neno la nyumbani hapa. Nyanya yangu hakwenda shule zaidi ya miaka michache. Alisoma Biblia ya Kiswahili akifuata mstari kwa kidole, midomo ikicheza, polepole kama mtu anayechambua mchele. Kifaransa cha mahubiri ya mjini kilimpita juu ya kichwa. Alipokuwa na jambo zito hakumtafuta pasta kwanza, alikitafuta kitabu chake na miwani yake. Kwa wazee wa namna ile, maandiko yalikuwa na mlango wa nyumbani, na ufunguo walikuwa nao wenyewe.

Apolo alilielewa hilo. Magharibi ya Boga unaanza msitu wa Ituri, na ndani yake wanaishi Wambuti. Watu wa vijijini waliwanunua nyama na asali, wakawatumia mashambani, lakini hawakuwahesabu sawa na wao. Sina haja ya kutumia wakati uliopita sana, maana hata leo unasikia namna wanavyoitwa sokoni. Katika miaka yake ya mwisho, akiwa mzee, Apolo aliingia msituni kuwafuata. Wamisionari wengi walikwenda kuwapiga picha. Yeye alikwenda kuuliza: hili mnaliitaje? Na lile?

Kwa msaada wao aliandika Injili ya Marko kwa lugha waliyoiongea. Marko ndiyo fupi kuliko zote, sura 16, na ina matendo mengi na hotuba chache. Kwa watu wanaosimulia hadithi zao kando ya moto, hilo si chaguo baya. Baadhi yao walibatizwa kabla ya yeye kufa.

Inabidi kusema pia kilichopungua. Wambuti hawana lugha moja. Wengi wao wanaongea lugha za jirani zao wa mashamba, Walese, Wabila na wengine, kila kundi kwa namna yake. Injili moja isingeweza kuwafikia wote, na mwenye kuifanya kazi ile alikuwa na miaka michache ya kuishi. Tukihesabu maandiko kuwa mlango wa maisha mapya, basi watu wa msitu walifunguliwa dirisha dogo, na miji yetu yenye Biblia za kila rangi haikuona haraka ya kulipanua.

Swali ambalo haliwezi kuepukwa

Mwandishi wa habari wa Ituri hawezi kuandika juu ya watu waliofanywa wapya na maandiko akaruka miaka ya 1999 hadi 2003. Katika vita ile kati ya makundi yaliyojiita ya Wahema na ya Walendu, makumi ya maelfu ya watu waliuawa. Waliokufa walikuwa wabatizwa, na wengi wa waliowaua pia. Vijiji vilivyochomwa vilikuwa na makanisa pande zote mbili. Baadhi ya waliobeba panga walijua zaburi kwa moyo.

Jirani zetu wa Rwanda wana swali hilo hilo, na kwao ni chungu zaidi. Mwaka 1929, daktari mmoja Mwingereza wa misheni ya Gahini, Joe Church, akiwa amechoka baada ya njaa kubwa, alikutana Kampala na Mganda, Simeoni Nsibambi. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia pamoja, mweusi na mweupe, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake alipopungukiwa. Kutoka hapo, katika miaka ya 1930, ukatokea uamsho uliosambaa toka Gahini mpaka Uganda, Burundi, Kenya, Tanzania na upande wetu wa Kongo. Wazee wetu waliouita uamsho wa waliookoka wanaukumbuka kwa kukiri dhambi hadharani na kwa kurudisha vitu vya wizi. Mwaka 1994, katika nchi ile ile, makanisa yaligeuka mahali pa mauaji.

Wapo wanaosema: basi ilikuwa bure. Sikubali, kwa sababu palikuwepo pia wakristo waliokataa kutenganishwa na jirani zao na wakafa pamoja nao. Lakini sikubali pia jibu rahisi la mimbarani, kwamba waliofanya maovu "hawakuwa wameokoka kweli". Jibu hilo linamfaa kila mtu, kwa hiyo halimsaidii yeyote. Musa Yakuganda alisema ukweli zaidi mwaka 1893: nimebatizwa, nasoma, na sina nguvu. Kanisa lililosikia maneno hayo na kuyachukua kwa uzito ndilo lililoamka. Ninajiuliza ni mahali gani leo, Bunia, Beni au Goma, mtu anaweza kusimama na kusema hivyo bila kuchekwa au kutolewa pepo.

Jambo lingine linaonekana ukilinganisha. Uamsho wa Mengo na wa Gahini ulianza kwa watu wachache wenye kitabu wazi na muda wa kutosha. Mikutano yetu ya sasa ina vipaza sauti, ina wageni toka Kinshasa na ng'ambo, ina saa tatu za nyimbo, na mstari mmoja unaosomwa na mhubiri kwa niaba ya wote. Watu wanainua mikono, wanahesabiwa, wanarudi nyumbani. Silaumu nyimbo. Lakini anayeinua mkono Jumamosi jioni, ni nani anaketi naye Jumatatu? Mkutano wa Boga ulidumu miaka.

Kanisa lililotembea na wakimbizi

Wakati wa Wabelgiji, misheni ziligawana maeneo, kila moja na upande wake. Waanglikana wakabaki wamefungiwa karibu na Boga, kanisa dogo la pembezoni, bila mzungu wa kulisimamia kwa miaka mingi. Kilicholitoa pale ni misukosuko kuliko mipango. Baada ya uhuru, na hasa wakati wa vita ya Wasimba mwaka 1964, watu walikimbia, wengine walifuata kazi na biashara. Walipofika Bunia, Komanda, au mbali zaidi kuelekea Kivu, hawakukuta ibada waliyoizoea. Walianza kukutana nyumbani kwa mtu, kusoma masomo ya siku, kuomba, kisha kutuma habari Boga: tuleteeni mwalimu.

Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya askofu wa kwanza, Philip Ridsdale, Mwingereza. Mwaka 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakapata jimbo lao la kanisa, na Byankya Njojo, mtoto wa Kongo, akawa askofu mkuu wa kwanza. Kanisa ambalo mpaka wa 1910 ulilikata kutoka kwa mama yake lilikuwa limekwisha kufika sehemu nyingi za mashariki. Na lugha ya ibada, katika sehemu nyingi, ikawa Kiswahili chetu, kile ambacho wamisionari walikiita Kingwana na ambacho wengine walikidharau.

Kwa hiyo sehemu ya swali la mwanzo ina jibu katika historia. Mara nyingi watu wa Boga walipokimbia, kilichokimbia pamoja nao kilikuwa kile kilichoingia kichwani. Mtu anayetoka usiku hachagui mizigo. Anachukua mtoto, sufuria kama imo karibu, kitambaa. Biblia inabaki juu ya meza, inaungua na nyumba. Lakini aliyekuwa msomaji anaondoka na zaburi tatu, na Marko nusu, na sala za asubuhi, bila uzito wowote begani.

Kinachonitia wasiwasi ni mtoto aliyezaliwa ndani ya kambi. Shule ya kijijini kwao imefungwa au imekaliwa na askari, mwalimu naye ni mkimbizi, na kanisa la turubai limejaa watu na kelele. Mtoto huyu anajua nyimbo zote. Atajifunza wapi kufuata mstari kwa kidole? Apolo hakutenganisha shule na kanisa kwa sababu kwake vilikuwa kazi moja, asubuhi na jioni, chini ya paa moja la majani. Misaada inayoingia Ituri ina bajeti ya maji, ya turubai, ya unga, na ni haki. Makanisa kwa upande wao yana bajeti ya vyombo vya muziki. Vitabu vya kujifunza kusoma, kwa Kihema, kwa Kilendu, kwa Kilese, hata kwa Kiswahili, vinapatikana kwa shida kuliko kipaza sauti.

Apolo alikufa Boga tarehe 30 mwezi wa tano mwaka 1933. Desturi ya wakristo wengi wa wakati ule ilikuwa kumzika mtu kwa kuangalia mashariki, upande wa kuchomoza kwa jua. Inasimuliwa kwamba yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, kwenye msitu, kwa kuwa kazi ya kule ilikuwa haijaisha.